Farasi mwenye mimba apewe sindano gani? Historia ya Kentucky, na swali lililofika mpaka Beni

Wandugu, leo tuache kidogo habari za Léopold na za Mobutu, tuongee farasi. Najua, kwetu farasi si wengi. Mbung'o na ugonjwa wake viliwafungia njia tangu zamani, na wengi wetu tumewaona paka ku televisheni. Lakini kuko swali moja ambalo watu wa farasi walipambana nalo mbele ya wengine, wakahesabu, wakaandika: mama eko na mimba, ugonjwa uko karibu, apewe chanjo gani, mwezi gani, na nani anaamua? Sisi wa mashariki swali hilo lilitukuta mwaka 2018 wakati wa Ebola. Nitafika huko. Kwanza twende Marekani, ku jimbo la Kentucky.

Ukienda leo kwa munganga wa nyama kule Lexington, umwambie uko na farasi jike mwenye mimba, atakutajia miezi kama padri anavyotaja sikukuu. Chanjo ya rinopnemonia, ile ya virusi iliyouawa, mwezi wa 5, wa 7 na wa 9. Halafu wiki 4 mpaka 6 mbele ya kuzaa, sindano za kuamsha kinga ya tetanosi, ya kichaa cha mbwa, ya virusi ya Nile ya Magharibi na ya zile homa za ubongo zinazoletwa na mbu. Mimba ya farasi inachukua miezi 11, kwa hiyo ratiba inaingia vizuri. Ukiuliza juu ya chanjo ya virusi hai ya ule ugonjwa wa mishipa ya damu unaoitwa arteritisi, atakukataza: mwenye mimba asipewe, na zaidi miezi miwili ya mwisho. Unaandika ku karatasi, unabandika ku mlango wa zizi, maneno yameisha.

Ile karatasi ilichukua zaidi ya miaka 40 kuandikwa, na karibu kila mstari wake uliandikwa kisha watoto wa farasi kufa.

Kwanza tuelewe juu ya nini ilikuwa Kentucky. Kule farasi wa mbio ni mali kubwa. Mwenye farasi jike analipa pesa nyingi juu ya mbegu ya dume mwenye jina, na sheria za farasi hao wa mbio hazikubali mbegu ya chupa: lazima dume na jike wakutane. Farasi jike wanasafirishwa kutoka shamba moja kwenda lingine, wanachanganyika, wanarudi na mimba, na wakati mwingine wanarudi na ugonjwa. Tena kila shamba liko na daftari: jike fulani, dume fulani, tarehe fulani, matokeo fulani. Mimba ikitoka, mwaka mzima umepotea na pesa imepotea, na inaandikwa. Wanahistoria tunapenda kusema sayansi inaenda mbele juu ya udadisi wa watu wakubwa. Mimi naona hapa ilienda mbele juu ya daftari la hasara.

Tangu mwisho wa karne ya 19 walijua bakteria moja ya kundi la salmonela inayoangusha mimba za farasi, na waliitengenezea chanjo. Lakini mashamba mengine yalikuwa yanapoteza mimba na ile bakteria haionekani. Mwaka 1933, wataalamu wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Kentucky, W. W. Dimock na P. R. Edwards, waliandika kwamba kisababishi kinapita hata ku chujio inayozuia bakteria. Maana yake ni virusi. Jike anakuwa mzima kabisa, anakula, anatembea. Mwezi wa 8, wa 9 au wa 10 mtoto anaanguka chini, amekufa, bila dalili yoyote mbele. Na akianza mmoja, wengine wa zizi hilo wanaweza kumfuata.

Sasa chanjo. Wakati ule hawakuwa na njia rahisi ya kuotesha virusi ku maabara. Virusi ilikuwa mingi wapi? Ndani ya vile vitoto vilivyotoka. Basi walichukua mapafu, ini na bandama ya vitoto hivyo, wakavisaga, wakaua virusi kwa formoli, wakawachoma farasi jike. Mawazo yao yalikuwa sawa: virusi imekufa, haiwezi kuambukiza, mama anapata kinga. Miaka ya 1940 sindano hiyo ilitumika.

Hapa historia inakuwa na uchungu. Kuko ugonjwa mmoja wa watoto wa farasi: mtoto anazaliwa mzima, anasimama, ananyonya vizuri, na kisha siku moja au mbili anaregea, macho na fizi zinageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi, anakufa. Wafaransa Caroli na Bessis waliuchunguza kwa watoto wa nyumbu mwaka 1947, na mwaka 1948 watu wa Kentucky na wa Uingereza walionyesha kwamba ni jambo la damu. Mtoto amerithi kwa baba aina ya damu ambayo mama hana. Damu ya mama imejifunza kuichukia, na imetengeneza silaha dhidi yake, zile tunaita antikori.

Kwa binadamu antikori zinaweza kupita ku kondo la nyuma, na njo maana ule ugonjwa wa Rhesus unampiga mtoto angali tumboni. Kwa farasi hapana. Kondo lao ni zito, kuko tabaka nyingi kati ya damu ya mama na damu ya mtoto. Tumboni mtoto wa farasi amefungiwa salama, lakini anazaliwa mikono mitupu, bila kinga yoyote ya mama. Kinga yote iko ku maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, na tumbo lake linaweza kuipokea siku ya kwanza tu. Kisha masaa 24 hivi mlango umefungwa. Kwa hiyo maziwa yale yale yanayomwokoa njo yanaweza kumuua, kama mama amebeba silaha dhidi ya damu yake.

Na ile sindano ilikuwa na nini ndani? Ini na bandama ya vitoto vya watu wengine, pamoja na damu yao yote, na aina za damu za madume mbalimbali. Kila sindano ilikuwa inafundisha damu ya mama kuchukia aina ambazo pengine mtoto wake mwenyewe alikuwa nazo. Mwaka 1952 E. R. Doll na wenzake waliandika wazi uhusiano kati ya chanjo hiyo na antikori hizo. Chanjo iliachwa. Nawaomba muangalie vizuri jambo hili: virusi ilikuwa imekufa kweli, na mwenye kuitengeneza hakudanganya mtu. Hatari ilikuwa ndani ya kile kilichobeba virusi, haikuwa ndani ya virusi yenyewe. Tena haikuonekana siku ya sindano, haikuonekana wakati wote wa mimba, ilionekana siku ya kunyonya. Kama hesabu yao ingesimamia ku kuzaa, ile sindano ingeitwa salama mpaka leo.

Ule ugonjwa wa manjano ungaliko, juu unaweza kuja hata bila chanjo, mimba ya kwanza ikishafundisha damu ya mama. Wafugaji wanamfunga mtoto mdomo siku mbili hivi za kwanza, wanampa maziwa ya kwanza ya jike mwingine, wanakamua ya mama na kuyamwaga. Kazi ya usiku na mchana.

Doll alirudi ku swali la kwanza, na alikuwa ameona jambo lingine. Kila mwaka, wakati wa majira ya majani kuanguka, watoto wa farasi walioachishwa ziwa wanashikwa na mafua, makamasi, homa kidogo, wanapona. Hakuna aliyeyaogopa mafua hayo. Ku Hungaria, Manninger alikuwa ameshafikiri mafua na mimba kutoka vinahusiana. Miaka ya 1950 Doll na kikundi chake walionyesha kwamba virusi ya mafua ya watoto na virusi ya kuangusha mimba ni ya jamaa moja, wakaiita rinopnemonia. Watoto wanakohoa mwezi wa 10 na wa 11, mama wanapoteza mimba kuanzia mwezi wa kwanza. (Mwaka 1981 njo ilionyeshwa kwamba ni virusi mbili zinazofanana, moja ya mafua tu, nyingine njo mwuaji wa mimba. Doll hakuwa na njia ya kuzitenganisha.)

Doll na John Bryans wakatunga mpango ambao ukiusoma leo unashangaa. Walipitisha virusi hai ndani ya hamsta, kale kanyama kadogo kama panya, mara nyingi, mpaka ikapungua nguvu. Halafu wakaambukiza farasi kwa makusudi, kwa njia ya pua, mwezi wa 7 na tena mwezi wa 10. Waliuita wenyewe mpango wa maambukizi yaliyopangwa. Chanjo hai kweli, na farasi wenye mimba ndani.

Walikuwa wazimu? Hapana, tuhesabu pamoja nao. Farasi wanapandwa kuanzia mwezi wa pili mpaka wa 6. Mwezi wa 7 mimba bado ni changa, na virusi hii inaangusha zaidi mimba iliyokomaa, ya mwezi wa 7 kwenda juu. Kwa hiyo kuambukizwa mapema ni hatari ndogo kuliko kuambukizwa wakati wa baridi. Lakini kinga yake haidumu, inakwisha kisha miezi michache; njo maana walirudia mwezi wa 10. Tena juu virusi hai inaruka kutoka farasi mmoja kwenda mwingine, shamba lote lilipaswa kupokea kwa pamoja: wewe usipochanja siku ya jirani, jirani atakuchanjia farasi wako bila ruhusa, na labda mwezi mbaya.

Mimba zilizotoka kwa makundi zilipungua. Lakini baadhi ya farasi walipoteza mimba juu ya chanjo yenyewe. Mwezi wa 10 aliyepandwa mapema eko tayari na mimba kubwa, na virusi iliyopungua nguvu si virusi isiyo na nguvu. Wenye mashamba walikubali biashara hiyo miaka mingi. Walikuwa wanalinganisha hasara na hasara: wachache watakaopotea juu ya sindano, na wengi watakaopotea tusipofanya kitu. Mimi siwahukumu, juu mnyama ni mali yao na hesabu ilikuwa wazi ku daftari. Ila nitauliza swali moja mbele kidogo: hesabu kama hiyo, kwa mtu, anaifanya nani?

Bryans aliendelea mpaka mwisho wa miaka ya 1970, wakati chanjo ya virusi iliyouawa, ile iliyouzwa kwa jina la Pneumabort-K, ilipata ruhusa kwa ajili ya kuzuia mimba kutoka. Safari hii virusi iliotesheshwa ku seli za maabara, hakuna tena ini la kusaga. Kwa kuwa imekufa, haiwezi kufika kwa mtoto. Kwa kuwa imekufa, kinga yake ni fupi, njo maana mwezi wa 5, halafu wa 7, halafu wa 9: unafunika wakati wote wa hatari kwa vipande. Haya, sasa mnajua zile namba tatu zilitoka wapi.

Na haifungi kila mlango. Virusi hii ni ya jamaa ya herpesi, ile inayotoa vidonda vya mdomo kwa watu. Ikiingia inajificha mwilini maisha yote, na safari ndefu au hofu inaweza kuiamsha. Kwa hiyo wanganga wa kule watakuambia chanjo ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kutenga wenye mimba mbali na watoto wenye mafua na farasi wageni, na kutowachanganya kila wiki kama abiria wa basi.

Huku kwetu Afrika kuko sura nyingine ya historia hii. Arnold Theiler, Mswisi aliyefanya kazi Afrika ya Kusini, alikuwa anapigana na tauni ya farasi, ugonjwa ambao mwaka 1854 na 1855 uliua karibu farasi 70,000 ku koloni ya Cape. Aliwapa farasi virusi pamoja na seramu, yaani maji ya damu ya farasi aliyepona. Mwaka 1918 aliandika kwamba baadhi yao, wiki kadhaa kisha sindano, walikufa na ini limeoza. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Na nani anaupata zaidi? Mara nyingi ni farasi jike aliyetoka kuzaa, ambaye munganga amemchoma seramu ya tetanosi ili kumlinda. Ilichukua karibu miaka 100 kugundua parvovirusi inayosafiri ndani ya seramu ya farasi.

Sasa mnaona juu ya nini karatasi ya Lexington inaweka tetanosi wiki 4 mpaka 6 mbele ya kuzaa. Chanjo ya tetanosi inafundisha mwili wa mama mwenyewe. Seramu ni silaha za kukopa kwa mwili mwingine, na mkopo unaweza kuja na mdudu wake. Ukimchanja mama mapema, siku ya kuzaa hauna haja ya seramu, na maziwa ya kwanza yako tayari yamejaa kinga kwa ajili ya mtoto. Sindano moja, wagonjwa wawili wamelindwa. Ni hesabu nzuri kuliko zote za karatasi ile.

Jambo lingine dogo lakini linaumiza kichwa. Mwaka 2001, mwezi wa 4 na wa 5, farasi wa Kentucky walipoteza mimba kwa maelfu. Fikiri uko na shamba, na wiki iliyopita ulichoma sindano. Utasema nini? Uchunguzi ulionyesha kwamba ni viwavi vya miti ya cheri, vilivyokuwa vingi mwaka ule, na farasi walivila pamoja na majani. Mimba inatoka juu ya sababu nyingi, hata pasipo ugonjwa, na kila mara kuna kitu kilichotangulia. Bila kulinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, daftari litakuambia kila kitu unachotaka kusikia.

Tufike nyumbani. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, Ebola ilitangazwa ku Kivu ya Kaskazini, kule Mangina, halafu Beni, Butembo na Ituri. Iliisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, na hesabu ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Chanjo iliyokuwa mkononi ilitengenezwa kwa virusi hai, inayozaliana mwilini. Kwa sababu hiyo, mwanzoni mama wenye mimba walitolewa ku orodha. Nyumba moja ilipopata mgonjwa, mume alichomwa, shemeji alichomwa, jirani alichomwa, na mama mwenye tumbo aliambiwa wewe hapana.

Ule woga haukuwa wa kijinga. Mnaomkumbuka hamsta wa Doll mnauelewa. Miaka ya 1950 ku California, kondoo wenye mimba waliochanjwa kwa virusi hai ya ugonjwa wa ulimi wa bluu walizaa wana wenye ubongo ulioharibika. Mwenye kusema «tungoje» alikuwa na historia nyuma yake. Lakini alikuwa na nusu yake tu. Nusu nyingine ni kwamba mama mwenye mimba akishikwa na Ebola, karibu kila mara mtoto anapotea, na mama mwenyewe eko hatarini sana. Watu wa Kentucky waliweka hasara mbili ku ukurasa mmoja. Beni, hasara ya sindano iliandikwa kwa wino mwekundu, na hasara ya kukosa sindano haikuandikwa popote, juu hakuna mtu anayeitwa kujieleza kwa kitu ambacho hakufanya.

Na hesabu zilikosa juu ya sababu rahisi: ukiwatoa wenye mimba ku majaribio, hautakuwa na habari zao, na juu hauna habari zao, utawatoa tena. Ku Sierra Leone mwaka 2015 kulikuwa na wanawake waliopata sindano bila kujua kwamba wako na mimba. Ni wao, kwa bahati, waliotoa habari za kwanza, na walikuwa wachache mno kwa kukata neno. Farasi wa Lexington walikuwa na daftari tangu kupandwa mpaka kunyonya. Mama zetu walikuwa na bahati ya kusahauliwa vizuri.

Mwezi wa pili mwaka 2019 kikundi cha wataalamu wa chanjo wa OMS kilishauri mlango ufunguliwe kwa wenye mimba waliopita miezi mitatu ya kwanza, na kwa wanaonyonyesha, kwa ridhaa yao na kwa kuwafuatilia mpaka mwisho. Congo ilibadilisha utaratibu wake mwaka huohuo. Ilikuwa zaidi ya miezi sita kisha mlipuko kuanza. Mwezi wa 11 chanjo ya pili ilifika Goma, yenye virusi isiyoweza kuzaliana mwilini. Tofauti ile ile ambayo Bryans aliitafuta miaka 20 kwa ajili ya farasi.

Kati yenu kuko waliofanya kazi ku vikundi vya chanjo Beni, Mabalako, Katwa. Nyinyi njo mlisimama mbele ya huyo mama na karatasi mkononi. Mlimjibu nini, na yeye aliwaambia nini? Andikeni hapa chini, hata kwa mistari mitatu, juu hiyo sehemu ya historia haiko bado ku daftari lolote.